Doa Moja katika Amana

Katika mwezi wa Machi mwaka 2015, majira ya kaskazi yakikaribia kwisha na joto la Mombasa likiwa limefika kiasi cha kuzitoa jasho hata kuta za mawe, nilikuwa mtunzaji wa mashine moja iliyohifadhi sauti za watu ambao wengi wao walikwisha kwenda mbele ya haki. Kwa macho lilikuwa ni kasha la chuma lisilo na haiba, limewekwa katika chumba kidogo chenye feni mbili na dirisha la mbao. Lakini ndani yake mlikuwamo zaidi ya saa 2,000 za maneno ya manahodha, mashekhe, malenga, makungwi na mabibi waliozijua nyimbo za vugo kabla ya nyimbo hizo kuingiliwa na vipaza sauti, maneno tuliyoyahamisha kutoka katika kaseti kwa muda wa miaka mitano, kanda baada ya kanda, kwa mwendo uleule wa msemaji, kwa kuwa mtu aliyezungumza saa nzima hana budi kusikilizwa saa nzima. Baadhi ya kanda hizo zilikuwa zimeota ukungu, na nyingine zilikatika siku ileile zilipochezwa kwa mara ya mwisho. Nakala ya akiba ilikuwako, lakini ilifika nusu ya kazi tu. Iliyobaki ilikuwa mle ndani ya kasha na si mahali pengine popote katika dunia hii. Niliiona kuwa ni amana, na hata leo sijapata neno lililo bora kuliko hilo.

Diski zilikuwa nne, kila moja ya terabaiti 2, zimeunganishwa na programu iliyomo ndani ya Linux yenyewe, bila ya kadi maalumu ya kuzisimamia, kwa utaratibu uitwao raidi ya 5: maandishi hugawanywa katika diski tatu, na katika ya nne huwekwa jumla itakayowezesha kuyajua yaliyokuwamo katika diski yoyote moja itakayopotea, na zamu ya kuibeba jumla hiyo huzunguka baina ya zote nne. Mafundi huiita pariti, na hesabu yake ni sahali kiasi cha kufundishwa mtoto. Chukua tarakimu tatu, 1 na 0 na 1; ya nne itaandikwa 0, ili idadi ya moja katika mstari iwe shufwa. Ikipotea ya pili, utazitazama zilizosalia, 1 na 1 na 0. Moja zimekuwa mbili, shufwa tayari, basi iliyopotea haikuwa ila 0. Rudia hesabu hiyo mara matrilioni na utakuwa umeifufua diski nzima.

David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliotoa makala yao mashuhuri juu ya safu za diski rahisi mwaka 1988, walipiga hesabu ya umri wa diski, yaani lini itakufa na je, nyingine itakufa kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa. Nami niliyarithi mawazo hayo bila ya kuyapima. Nilidhani kwamba diski ama i hai ama imekufa, na kwamba kazi ya mtunzaji ni kungoja ya kwanza ife, aiweke mpya, kisha arejee kwake akalale. Diski ya terabaiti 2 ina sekta 3,907,029,168 za baiti 512 kila moja, na sikupata kujiuliza hata siku moja kwamba katika umati kama huo huenda moja ikanyamaza ilhali nyingine zote ni nzima. Diski aghalabu haifi kama mshumaa unaozimwa. Huingia madoa, kama nguo iliyokunjwa sandukuni ikapata unyevu, nawe huyaoni madoa mpaka uikunjue.

Nguo yangu ilikunjuliwa usiku mmoja. Baada ya maghrib nililetewa habari kwamba diski ya tatu imetolewa katika safu. Niliyasoma maandishi madogo kwenye skrini, mahali ambapo siku zote palisomeka [UUUU], nikaona [UU_U]. Nilikuwa na diski mpya kabatini. Nikaichomoa ya tatu, nikaitia katika bahasha ili asubuhi niirejeshe dukani kwa waranti, nikaiweka mpya mahali pake, na ilipofika saa tatu usiku kazi ya kuijenga upya ikaanza. Mwendo ulikuwa mzuri. Nilikaa hapo na birika la chai, nikitazama asilimia zikipanda, na moyo ulikuwa umetulia, maana mambo yalikuwa yakienda kama yalivyoandikwa vitabuni. Saa nane usiku, asilimia 71, nambari ikasimama. Nikasikia kutoka ndani ya kasha mlio mdogo, tiki, kisha kimya, kisha tiki, kama mtu anayejaribu ufunguo katika kufuli isiyotaka kufunguka. Haikupita dakika nyingi, yale maandishi madogo yakabadilika: [U__U]. Diski mbili kati ya nne. Safu ya raidi ya 5 huvumilia kuikosa moja. Mbili haivumilii, na faili zote, za kanda zilizookolewa na za kanda zisizokuwapo tena, zikatoweka machoni kwa pamoja.

Nilimpigia simu mtu ninayemwita ami, ingawa udugu wetu ni wa mtaa na si wa damu: mzaliwa wa Mji wa Kale aliyekwenda Muscat zamani na kutumikia huko mashine za hifadhi kwa sehemu kubwa ya umri wake. Kule ilikuwa saa tisa usiku, naye alikuwa macho kwa sala.

"Shikamoo, ami. Nisamehe kwa wakati huu."

"Marahaba. Nambie."

Nikamweleza. Hakuniuliza ni diski za aina gani wala nimezinunua wapi. Aliuliza jambo moja: "Ile ya kwanza, uliyoitoa jioni, iko wapi?"

"Imo katika bahasha, ami. Asubuhi nilikuwa niipeleke dukani."

"Haiendi dukani. Izime mashine. Usiandike hata baiti moja juu ya diski yoyote, wala usijaribu kuunda safu mpya juu ya ile ya zamani, hata akikwambia nani. Ukiiunda kwa mpangilio usio wake, utakuwa umeyafuta mwenyewe yale ambayo diski haikuyafuta. Nenda ukalale. Kesho ukanunue diski nne."

Kulala sikulala. Lakini mashine niliizima, na ninaamini kwamba katika mambo yote niliyoyafanya juma lile, hilo ndilo lililoiokoa amana. Kwa sababu mtu aliyeingiwa na hofu mbele ya kompyuta ana mikono myepesi, na kila amri iliyopo imewekwa tayari kumtii.

Asubuhi nilinunua diski kwa fedha zilizokuwa na kazi nyingine, nikaanza kuzinakili zile za zamani, kila moja peke yake, nje ya safu, kwa programu iitwayo ddrescue, aliyoiandika Antonio Diaz Diaz. Naipenda programu hiyo kwa tabia yake. Haishikani na mahali pagumu: huanza kuyachukua yaliyo mepesi yote, ikikuta pazito huparuka na kuandika katika ramani yake kwamba hapa pamebaki deni, na baada ya kuiweka salama mali iliyo nyingi hurejea kwenye madeni yake moja moja, kwa vipande vidogo, kwa subira. Diski ya kwanza ilinakiliwa yote. Ya nne, yote. Ya pili, ile iliyoniangusha usiku, ilikuwa na deni la baiti 4096, yaani sekta nane zinazofuatana, ambazo kwa hakika ni kipande kimoja cha bati lenyewe. Na ile ya kwenye bahasha, niliyokuwa nimeihukumu kuwa maiti, ilikuwa na deni la baiti 4096 vilevile.

Nilizitazama ramani hizo mbili zikiwa pamoja juu ya skrini kwa muda mrefu. Madoa yalikuwa mawili, kila moja katika diski yake, na mahali pake pameachana kwa mamia ya gigabaiti. Palipokuwa na doa katika diski ya pili, diski ya tatu ilikuwa safi; na palipokuwa na doa katika ya tatu, ya pili ilikuwa safi. Kwa hesabu ya shufwa na witiri, hapakupotea kitu. Hata biti moja haikupotea! Mali yote ilikuwa mle ndani usiku ule, kamili, ilhali mashine imetoa hukumu kwamba hakuna kitu, nami nimeketi mbele yake nikiamini. Doa la baiti 4096 lilikuwa limepewa adhabu ya terabaiti 2, mara mbili.

Sababu ya adhabu hiyo alinieleza ami siku zilizofuata, na ni jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ndilo linalowaangusha wengi hadi leo. Kwa kawaida, diski iliyo ndani ya safu inapokiri upesi kwamba haiwezi kusoma mahali fulani, programu ya safu haikasiriki: huuliza diski nyingine, hupiga hesabu, humpa msomaji jawabu lake wala yeye hajui kwamba palikuwa na taabu, kisha huandika maneno yaleyale palepale palipokataa, na diski, inapoandikiwa, ama hugundua kwamba mahali pale ni pazima na kwamba yaliyoharibika ni maandishi tu, ama hupaacha na kuihamishia sekta ile katika akiba yake. Doa limetibiwa kwa kipimo cha doa. Lakini diski za bei nafuu, zilizokusudiwa kompyuta ya mtu mmoja mezani, hazikufundishwa kukiri. Zimeundwa zikidhani kwamba hakuna mwingine aliye na nakala, na kwa hiyo hung'ang'ana na sekta moja kwa dakika nzima, pengine mbili na zaidi, zikijaribu tena na tena bila ya kumjibu anayeziita. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, husubiri sekunde 30. Zikipita, huianzisha upya njia ya mawasiliano ili kuiamsha diski. Diski bado imezama katika kazi yake, haijibu. Na asiyejibu huhesabiwa kuwa amekufa. Diski ya tatu haikutolewa kwa sababu ya doa lake. Ilitolewa kwa sababu ya kimya chake.

Dawa yake ni amri moja. Diski zilizoumbwa kwa ajili ya seva, na baadhi ya nyingine, hukubali kuambiwa kwamba zisizidishe sekunde 7 katika kujaribu, zikishindwa ziseme. Nyingi huisahau amri hiyo kila umeme unapozimwa, na hapa kwetu ambapo stima huenda na kurudi ipendavyo, amri haina budi kuandikwa mahali ambapo itasomwa kila mashine inapowaka. Zisizokubali, basi ni keneli inayoambiwa iongeze subira yake, kutoka sekunde 30 hadi 180. Nilikuwa nimeitumia mashine ile miaka mitano bila ya kulijua hata moja katika haya mawili.

Programu ya safu yenyewe nayo ilikuwa imekwisha kujifunza. Neil Brown, Mwaustralia aliyeitunza kazi hiyo ya Linux kwa miaka mingi, aliingiza katika toleo la 3.1, mwaka 2011, daftari la bloku mbovu: kila diski katika safu hubeba pembeni orodha fupi ya mahali pasipoaminika, ili diski ikipata doa wakati ambapo hakuna wa kuisaidia, pale peke yake pawekewe alama na kazi iendelee. Safu yangu iliundwa mwaka 2010, na daftari hilo haikuwa nalo. Laiti ingekuwa nalo, na laiti diski zingekiri upesi, huenda usiku ule ungekwisha kwa asilimia 100 na orodha ya mstari mmoja.

Hata hivyo sitaki msomaji aliamini daftari hilo kama nilivyoziamini diski. Mwaka uliofuata, katika safu mpya yenye daftari, waya mmoja ulilegea nyuma ya kasha kwa sababu ya mtikisiko wa feni, na kwa muda wa saa chache kidhibiti kilikuwa kikileta makosa yasiyokuwapo. Programu iliyaandika yote. Nilipokwisha kuukaza waya nilikuta diski mbili zina mistari mingi, baadhi yake imeandikwa mahali pamoja katika zote mbili, na faili zilizoangukia hapo zilikataa kufunguka, ingawa nilipozisoma diski zenyewe moja kwa moja zilitoa kila kitu bila ya kusita. Daftari halikuona doa, liliandika lililoambiwa. Na bloku ikishaandikwa humo haisomwi tena mpaka iandikwe upya, hata iwe nzima namna gani. Ilinibidi kwanza kuthibitisha kwa kusoma sekta zote zilizotajwa, ndipo nikaifungua safu kwa amri ya kulifuta daftari kwa nguvu, na amri hiyo si ya kutolewa na mtu asiyekwisha kusoma sekta.

Nirejee kwenye zile nakala. Nilizikusanya ya kwanza, ya pili na ya nne, nikailazimisha safu ikubali kusimama kwa nakala hizo, kwa kusoma tu, na faili zikarudi. Palibaki shimo la baiti 4096 katika nakala ya pili. Ami alisema naweza kuliacha. Lakini ile diski ya bahasha ilikuwapo, na tangu ilipotolewa hapakuandikwa chochote katika faili za zamani. Basi yaliyokuwa ndani yake mahali pale yalikuwa bado ya kweli. Kwa kuwa sehemu za diski zote nne zilianza mahali pamoja, umbali uleule ndani ya kila moja ulikuwa ni wa mstari mmoja. Nilichukua baiti 4096 kutoka diski ya kwanza, 4096 kutoka ya tatu, 4096 kutoka ya nne, nikaandika programu ya mistari michache inayofanya ile hesabu ya mtoto, shufwa na witiri, biti kwa biti, nikapata kipande kimoja kidogo kilichojaa namba ambazo jicho halisomi ndani yake kitu. Nikakiandika mahali pake katika nakala ya pili. Nilipoiandikia diski yenyewe ya zamani kipande kilekile, kwa kutaka kujua, hesabu yake ya sekta zinazongoja, yaani zile zilizoshindikana kusomwa, iliyokuwa 8, ikawa 0, na akiba yake haikuguswa. Bati lilikuwa zima. Yaliyoharibika yalikuwa maandishi tu.

Kuna taksiri moja ambayo siwezi kuiwekea mtu mwingine. Mfumo wangu, Debian, wakati ule ulikuja na desturi ya kuzisoma safu zote kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, dakika tatu kabla ya saa saba usiku, mwanzo hadi mwisho, ili madoa yapatikane wakati diski zote zi pamoja na zinaweza kutibiana. Mimi niliizima desturi hiyo mwaka wa pili, kwa sababu kazi ilikuwa ikiendelea mpaka mchana wa Jumapili na wasikilizaji wakilalamika kwamba sauti zinakatika. Kwa hiyo madoa yale mawili yumkini yalikuwapo kwa miaka, katika kanda ambazo hakuna aliyeziomba, na siku ya kwanza tangu hapo ambayo kila sekta ilisomwa ilikuwa siku ya kuijenga upya, siku ambayo hapakuwa na wa kusaidia. Watengenezaji wa diski za namna ile walidhamini kosa lisilozidi moja katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni terabaiti 12.5, na kuijenga safu yangu kulitaka kusomwa terabaiti 6. Kiwango hicho ni mpaka wa dhamana, na diski nyingi huushinda. Lakini aliyefunga macho miaka mitatu hana haki ya kutegemea kushinda. Siku hizi usomaji ule hufanyika, na Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, huangalia hesabu za sekta zinazongoja za kila diski na kuziandika katika daftari la karatasi pamoja na tarehe. Diski inayoanza kupata madoa siitoi kwanza: huiweka mpya pembeni yake na kuiamuru safu ihamishe kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima ilhali mgonjwa bado yumo, na panapomshinda kusoma wenziwe humjibia.

Baada ya wiki tatu, mambo yalipotulia, nilitaka kujua ni sauti ya nani iliyokuwa katika baiti zile. Nilifuatisha hesabu kutoka sekta hadi bloku ya mfumo wa faili, na kutoka bloku hadi jina la faili, nikafika kwenye kanda ya nahodha mmoja mzee, iliyorekodiwa nyumbani kwake, akieleza safari ya kwenda kaskazini wakati wa kusi. Tulihifadhi kwa vipimo 96,000 kwa sekunde, vya biti 24, kushoto na kulia. Sekunde moja hula baiti 576,000, na baiti 4096 hazifiki sehemu 8 katika elfu za sekunde. Nikavaa vipokea sauti. Mzee alikuwa akitaja bandari kwa mpangilio, taratibu, kila moja na kina cha maji yake na upande wa kuingilia. Akapita Malindi, akapita Lamu, akanyamaza kidogo, nyuma yake akasikika mtoto akiitwa na mama yake, kisha akasema Kismayu. Kipande changu kilikuwa ndani ya sauti ile ya s. Nilirudisha nyuma nikaisikiliza mara ya pili, na ya tatu, kisha nikamwacha aendelee kwenda Barawa.